Basi la shule linamchukua mwanangu saa 10:40 alfajiri. Wakazi wa Dar, hivi tunalala masaa mangapi?

Mama Wawili | Jumapili, saa 2:50 usiku

Habari za jioni wakuu.

Nina mtoto wa kiume, yuko darasa la nne. Tunaishi Chanika, shule iko upande wa Tabata. Basi la shule linaanzia kwetu, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kupanda, saa 10:40 alfajiri. Namwamsha saa 10:10. Anaoga kafumba macho, soksi namvalisha akiwa bado kitandani, kisha namshika mkono gizani mpaka barabarani. Basi linapita Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, kila mahali linaingia mitaani kuokota watoto, linafika shuleni saa 1 kasoro robo. Jioni yeye ndiye wa mwisho kushuka. Siku nzuri saa 12 kasoro, siku foleni ya Tazara ikikaza ni saa 1 usiku. Hapo hajala, hajaoga, na daftari za kazi alizopewa zinamsubiri. Kulala ni saa 3:30.

Wiki iliyopita mwalimu wake wa darasa akaniita. Nikajua kapigana. Akaniambia, "Mama, huyu kila siku baada ya uji anasinzia. Juzi kaangusha kichwa kwenye dawati mpaka mdomo ukapasuka. Mpeleke akapimwe damu." Nikampeleka. Malaria hana, damu anayo ya kutosha, minyoo hana. Daktari kijana wa pale zahanati akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi? Nikamtajia. Akachukua karatasi akapiga hesabu mbele yangu. Saa 3:30 usiku mpaka saa 10:10 alfajiri ni masaa 6 na dakika 40. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale masaa 9 hadi 12. Hata ukishika kile kiwango cha chini kabisa, anapungukiwa masaa 2 na dakika 20 kila usiku. Kwa siku 5 za shule ni masaa 11 na dakika 40. "Mama, mtoto wako haumwi," akasema. "Kila wiki anakosa usiku mzima na ziada."

Nilitoka pale nikalia kwenye bajaji. Miezi tisa nimemwita mtoto wangu mvivu.

Tangu siku hiyo nimeanza kuangalia watu. Daladala ya alfajiri karibu gari zima limelala, waliokaa na waliosimama. Konda anasinzia mlangoni, mkono umeshika bomba. Na mimi mwenyewe, nikipiga hesabu, nalala saa 5 usiku naamka saa 9:45 kuwaandalia watoto chakula. Masaa 4 na dakika 45, na nilikuwa najisifu kwamba ndiyo uchapakazi.

Mlioko Mbagala, Bunju, Kivule, Kibamba, Kigamboni, mnalala masaa mangapi? Na mnaamka mkiwa mmepumzika, au ni alamu tu imelia?

Mbande Stendi | saa 3:04 usiku

Pole sana dada. Mimi Mbande, basi la wa kwangu ni saa 10:30. Yuko darasa la pili. Naufuatilia huu uzi.

Fremu Namba Saba | saa 5:38 usiku

Mleta mada, kwa mtoto nakubaliana na wewe. Kwa sisi watu wazima, hapana. Mji huu ukilala umelala njaa. Nina fremu Kariakoo, na tangu mwaka 2025 ilipozinduliwa biashara ya saa 24 wateja wengine wanakuja kushusha mzigo usiku. Nalala masaa 4, mwaka wa tatu sasa, na nadunda. Haya mambo ya masaa 8 ni ya watu wenye mishahara. Babu zetu waliyapata wapi?

Zamu ya Usiku | Jumatatu, saa 9:20 alasiri

Kaka wa Kariakoo, mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 huu nazunguka zamu. Nakujibu kwa heshima kwa sababu hoja ya babu zetu naisikia kila siku wodini, na ni hoja nzuri.

Jambo hilo limepimwa, na limepimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kizamani kando ya Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walivishwa vifaa mkononi vinavyorekodi mwendo na mwanga usiku na mchana. Usingizi wenyewe ulikuwa wastani wa masaa 5.7 hadi 7.1. Kwa hiyo una ukweli fulani. Lakini angalia na mengine. Muda wote waliojilaza ulikuwa masaa 6.9 hadi 8.5. Walilala masaa kama 3 hivi baada ya jua kuzama, wakati joto linashuka, na waliamka muda ule ule karibu kila siku. Kukosa usingizi kwao ni nadra kiasi kwamba Wasan na Watsimane hawana hata neno la tatizo hilo. Mtu wa masaa 4, leo saa 7 usiku, kesho saa 9, hayuko kwenye hesabu ile.

Kuna utafiti mwingine wa Wahadzabe hao hao, wa mwaka 2017, ambao mimi unanigusa sana. Watu wazima 33 walifuatiliwa kwa siku 20. Katika zaidi ya masaa 200 ya usiku, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wakati wowote kuna mzee kaamka, kijana hajalala bado, mama ananyonyesha. Yaani kambi nzima inagawana kulinda usiku bila kupangiana zamu. Kwetu mjini anayekesha ni yule yule kila siku: mlinzi wa getini, nesi, kijana wa boda, mama anayekaanga mihogo alfajiri.

Sasa kuhusu kudunda. Mwaka 2003 watafiti Marekani waliwaweka watu kwenye masaa 4, 6 na 8 kwa usiku, kwa wiki 2. Wale wa masaa 6 na kushuka, kazi za umakini ziliharibika mpaka kufikia mtu aliyekesha hadi usiku mzima mara mbili. Na kilichonitisha ni kwamba wao wenyewe hawakujiona wamechoka kiasi hicho. Walijiona kama wamezoea. Kaka, hilo neno "nimezoea" ndilo tunalolisikia kwa mtu kabla hajaletwa kwetu na majeraha ya pikipiki.

Nyingine ni ya Australia, mwaka 1997. Mtu akikaa macho masaa 17 mfululizo, mikono na macho yake yanafanya kazi kama ya mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika masaa 24 ni kama asilimia 0.10. Ukiamka saa 10 alfajiri, masaa 17 yanatimia saa 3 usiku. Hapo wengi wa Dar wapo Buguruni wanagombania gari, au wapo kwenye usukani.

Usukani Mrefu | Jumatatu, saa 11:15 jioni

Nesi amesema usukani, acha na mimi niseme. Sijawahi kuliandika hili popote.

Naendesha lori, Dar hadi Tunduma. Miaka sita iliyopita nilishusha mzigo, nikageuza bila kulala kwa sababu tajiri alikuwa ananipigia kila nusu saa. Iringa nikanywa kahawa, nikateremka Kitonga salama, nikapita Ruaha Mbuyuni. Mikumi nikaingia kama saa 10 alfajiri. Kitu ninachokumbuka ni mlio wa tairi kwenye tuta. Nilikuwa sijalala, ndivyo nilivyokuwa najiambia. Macho yalikuwa wazi. Lakini twiga walikuwa wamesimama kulia kwangu, karibu kabisa, na sikuwaona wakati nakuja.

Baadaye mwalimu wa mafunzo ya madereva ndiye aliyenieleza. Kunaitwa kupitiwa. Ubongo unazima sekunde chache, mwenyewe hujui. Akatupigia hesabu: gari kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukipitiwa sekunde 4 umeshakwenda karibu mita 90 hakuna mtu ndani ya gari. Na hatari inazidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, kisha tena mchana baada ya kula.

Redio kwa sauti, kufungua dirisha, kujipiga makofi, vyote nimevijaribu na havisaidii. Wenzangu wengine wanatafuna mirungi, nimewazika wawili. Kinachosaidia ni kupaki. Siku hizi nikianza kupiga miayo mara tatu natafuta sehemu yenye watu, nakunywa kahawa, nalala dakika 20. Kahawa inakuja kushika wakati naamka. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, naombea sana wale madereva. Dereva wa pili anayelala kwenye kiti kilichonyooka huku abiria wanaongea na simu, huyo hajalala.

Mama Wawili | saa 12:40 jioni

Kaka, asante kwa kuandika. Nimemsomea mume wangu, naye anaendesha.

Nyuma ya Baa | Jumatatu, saa 8:12 usiku

Naandika saa hizi kwa sababu siwezi kulala, siyo kwa kupenda. Sinza. Ukuta wa chumba changu na spika za baa tunatenganishwa na kichochoro. Alhamisi mpaka Jumatatu ni mpaka saa 10. Nilihama Manzese nikikimbia vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, kumbe nimekuja kwenye kigodoro cha kila wiki.

Watu wanasema utazoea. Masikio hayafungwi kama macho. Hata usipoamka kabisa, kila besi ikipiga moyo unakwenda mbio kidogo na usingizi unapanda juu, haufiki kule chini. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele zisizidi desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala. Kwangu glasi zinatikisika kabatini.

Sheria ipo. Kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana mamlaka ya kupima na kutoza faini. Tulianza kwa mjumbe, tukaenda serikali ya mtaa, barua ikaandikwa. Mwenye baa akapunguza wiki mbili, akarudisha. Kwa anayejua hatua inayofuata aniambie. Na ninaposema kelele nasema zote, hata za mkesha wa ibada wenye spika nje. Mungu anasikia mtu akinong'ona.

Chumba cha Bati | Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Umesahau joto. Desemba hadi Machi usiku wa Dar haushuki chini ya nyuzi 25 sana, na kwenye bati bila silingi bodi ni tanuri. Nilisoma kwamba mwili lazima upoe karibu nyuzi 1 ndani ndipo usingizi ushike. Sasa utapoa wapi? Umeme ukikatika feni inazima, tunatoka nje, huko mbu.

Kinachonisaidia ni kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, siyo ya baridi. Damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka. Nilibisha mpaka nilipojaribu. Na godoro nimelishusha chini, chandarua nimekifunga kwenye misumari minne ya ukutani kisiniguse.

Mzee wa Tandika | Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Wanangu, mimi ni mstaafu. Foleni sina, kelele sina. Nalala saa 3 usiku, saa 8 macho makavu kama pono aliyetolewa majini. Nageuka mpaka adhana. Naona aibu kusema, nimekuwa nikinywa Piriton kila usiku mwaka mzima, kijana wa duka la dawa ndiye aliyenishauri. Asubuhi kichwa kizito, juzi nimeyumba bafuni. Na mara mbili nimekabwa na jinamizi. Naona chumba chote, namsikia mke wangu, lakini siwezi kuinua hata kidole, na kuna mtu kakaa kifuani. Mke wangu anataka tuite mtu wa kusoma dua.

Zamu ya Usiku | Jumanne, saa 10:30 jioni

Shikamoo mzee wangu.

Hakuna aibu. Piriton ni dawa ya mafua na muwasho, usingizi ni madhara yake tu. Kwa umri wako inaleta kizunguzungu, inakausha mdomo, inavuruga kumbukumbu, na kuanguka bafuni ndiko kunakovunja nyonga. Usiendelee nayo kimya kimya. Mweleze daktari unapokwenda kliniki, na mtajie dawa zote unazotumia.

Dua msome, haina ubaya. Lakini ujue na hili. Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na mwishoni mwa kila mzunguko kuna sehemu ya ndoto ambayo macho yanacheza chini ya kope. Sehemu hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Chicago. Wakati huo ubongo unaulegeza mwili wote usije ukainuka ukatekeleza ndoto. Mara nyingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto bado haijaisha. Hapo ndipo unapomwona mtu kifuani. Hupita baada ya sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi wenye usingizi uliokatikakatika, ndiyo maana kwenye zamu na sisi tunakabwa.

Kwa kuamka saa 8, mzee: ukilala saa 3 na mwili wako unahitaji masaa 6 au 7, kukupambazukia saa 9 au 10 siyo ajabu. Jaribu kulala saa 4 na nusu, usingizi ukiwa umeshafika kweli. Ukiamka ukakaa kama dakika 20 bila kupata hata lepe, toka kitandani, kaa sebuleni taa ikiwa hafifu, rudi ukisinzia. Asubuhi amka saa ile ile hata kama usiku ulikuwa mbaya, utoke juani. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Wiki ya kwanza ni ngumu. Tiba ya namna hii ndiyo madaktari wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 ianze kabla ya vidonge.

Mzee wa Tandika | Jumanne, saa 11:00 jioni

Marahaba mwanangu. Nimemsomea mama. Nitaanza leo.

Mke wa Fundi | Jumatano, saa 3:40 usiku

Nesi, naomba na mimi. Mume wangu anakoroma mpaka wapangaji wanalalamika. Ila kinachonitia hofu ni kwamba anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Nahesabu mpaka kumi na tano hapumui. Kisha anashtuka kama aliyetoka kuzama. Analala masaa 8 na mchana anasinzia akiwa ameshika nyundo.

Zamu ya Usiku | Alhamisi, saa 3:10 asubuhi

Dada, usisubiri. Koo lake linajifunga akilala, hewa inakatika. Kila pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi tunaihesabu, na kuna watu zinakatika mara 30 kwa saa. Kitandani ni masaa 8, lakini usingizi wa kweli ni mchache, na oksijeni ikishuka kila mara presha inapanda. Huu ndio mfano mzuri wa mtu anayelala muda wa kutosha na bado hajalala.

Mrekodi kwa simu dakika kumi, uende naye kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, Muhimbili ipo. Wakati mnasubiri alale ubavu, aache pombe ya usiku, apunguze uzito kama umezidi. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani inayoliweka koo wazi, ilibuniwa Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Bei yake ni kubwa, sikufichi. Apimwe kwanza.

Fremu Namba Saba | Ijumaa, saa 4:20 usiku

Nimesoma yote. Sikubaliani na kila kitu, kodi ya fremu haisubiri nilale. Lakini ile ya masaa 17 imekaa kichwani. Nafunga saa 7 usiku na kurudi Kimara kwa pikipiki yangu. Tangu Jumanne naiacha dukani, narudi na gari. Na nimemwambia mdogo wangu tuache kukesha wote wawili, tupeane usiku.

Zamu ya Usiku | Jumamosi, saa 11:50 jioni

Kaka, umenifurahisha kweli. Ongeza kitu kimoja: kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, mwisho saa 8 mchana kwa siku unayotaka kulala usiku. Masaa kama 5 baada ya kunywa nusu yake bado iko mwilini.

Mama Wawili | baada ya wiki tano

Wakuu, nimerudi na majibu.

Tuliandika barua wazazi 14 wa njia ya Chanika na Pugu. Kikao cha kwanza hakikuzaa kitu, tukaambiwa tuwe tunawalaza watoto mapema. Mama mmoja akasimama, akauliza, "Mapema saa ngapi, wakati mnawashusha saa moja usiku?" Kikao cha pili wakakubali: gari dogo linachukua wa kwetu na kunyoosha moja kwa moja, basi kubwa linaanzia Gongo la Mboto. Tunaongeza nauli kidogo kila mwezi. Mwalimu naye amepunguza kazi za siku za katikati ya wiki.

Sasa anapanda saa 11:25, namwamsha saa 11. Anafika nyumbani saa 11 jioni, saa 2:30 usiku kashalala. Masaa 8 na nusu. Bado nusu saa, naitafuta. Simu yangu nimeihamishia sebuleni, na mimi nimefika masaa 6 na robo. Mwalimu anasema kwenye darasa la Kiswahili ananyosha mkono. Jumamosi iliyopita aliamka mwenyewe, hakuna aliyemwita, akaja jikoni kaninyang'anya mwiko anasema anataka kugeuza chapati.

Mbande Stendi | saa 2:15 usiku

Dada, naomba mfano wa hiyo barua. Wa kwangu bado ni saa 10:30.

Mama Wawili | saa 2:22 usiku

Nimekutumia. Badilisheni majina ya vituo, halafu muandike saa ya kila mtoto ya kupanda na ya kushuka, jina kwa jina. Ile orodha ndiyo iliyofanya kikao cha pili kinyamaze.